Mikanda Mia na Arobaini ya Bi Tabu

Mke wangu Tabu alipiga video za harusi miaka ishirini na sita, na mie sijaona hata moja. Macho yangu mazima. Ni kwamba mie mwanaume.

Kwetu harusi ina pande mbili. Kwa wanaume kuna shekhe, kuna ndoa, kuna pilau, mnatawanyika. Harusi yenyewe iko kwa wanawake. Siku ya singo bibi harusi anasuguliwa manjano na liwa, wenzake wamevua mabuibui, nywele wazi, wanacheza wanavyojisikia. Mlangoni anakaa bibi mmoja na kiti chake. Mwanaume hapiti, awe na kamera asiwe nayo.

Mwaka 1992, kwenye harusi moja ya Temeke, mpiga picha alifika mlangoni pale na kamera yake ya begani, akazuiwa. Mama wa bibi harusi akachukia, video aliitaka. Tabu alikuwa uani anapakua pilau. Akafuta mikono, akasema, "Nipeni mie."

Mpiga picha akamcheka. "Dada, dude lenyewe zito hili."

"Sufuria la watu mia mbili nani kalinyanyua? Nionyeshe pa kubonyeza, uende ukale."

Akamwonyesha kitufe chekundu. Jioni Tabu alirudi nyumbani Keko, bega limevimba. Mie nilikuwa napiga msasa mguu wa kitanda. Akaniambia, "Jabiri, nimepata kazi." Hakuniuliza. Aliniarifu.

Mwaka uliofuata alinunua kamera yake. Baada ya hapo hakukuwa na singo kubwa Temeke ambako hakuitwa. Kisha Magomeni, kisha Kinondoni, mpaka kwa Waarabu wenye maduka, ambao wake zao hata dereva wa nyumbani hazijui sura zao. Wanawake hao wote walimwachia sura zao, wakavua mabuibui mbele ya kamera yake. Mie ni fundi seremala, watu wameniachia mbao zao miaka hamsini. Hawajawahi kuniachia kitu kama hicho.

Alikuwa na taratibu zake. Mkanda aliorekodia harusini alikuwa hampi mtu. Aliuita mkanda mama. Nyumbani alifunga deki mbili kwa waya, moja inacheza, moja inarekodi, na nakala ile ndiyo aliyompelekea mwenyewe, mkononi kwa mama wa bibi harusi. Wakati wa kunakili mie nilikuwa natolewa chumbani, naambiwa nikakae barazani mpaka niitwe.

Nilimuuliza kwa nini mkanda mama hautoki nyumbani. Akasema nakala inapungua kidogo, na nakala ya nakala inapungua tena, mpaka uso unakuwa kama umepakwa unga. Mama akiwepo, aliyepoteza nakala yake anaweza kurudi.

Nikamtengenezea kabati la mninga, droo zake kipimo cha mkanda. Ufunguo akauweka yeye. Zilipokuja kamera za kadi, kazi zake za baadaye aliwakabidhi wenyewe palepale, hakubaki na kitu. Kabatini ilibaki mikanda ile mikubwa ya zamani, mia moja na arobaini.

Mwaka jana alilazwa, na hakurudi. Siku mbili kabla, alinipa ufunguo. Akasema, "Mikanda isichomwe. Wala mwanaume asiione. Ya watu ile." Nikasema sawa. Sikujua nimekubali nini.

Miezi minane kabati sikuligusa. Siku moja akaja Alya, binti wa marehemu Hashil mwenye duka la vyombo Kinondoni. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wakubwa. Singo yake Tabu alipiga mwaka 1999.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Akakaa, akasema mama yake, Bi Hayat, amefariki. Bi Hayat alivaa nikabu tangu usichana wake. Picha yake waliyonayo ni ya pasipoti, amenuna. "Wanangu wananiuliza bibi alikuwa anachekaje, baba. Nakala yangu ilitafunwa na deki zamani. Lakini kwenye singo yangu mama alicheka sana. Nakumbuka."

Nikaenda kufungua kabati. Harufu ilinipiga kabla ya kuona. Ukungu. Ulikuwa pembeni ya mikanda, ndani ya vile vidirisha, mweupe kama unga wa muhogo. Mkanda wa Alya niliupata, Tabu alikuwa ameandika jina na mwaka. Nao una ukungu. Nikavuta droo moja baada ya nyingine. Karibu yote.

Hapo nikajua. Nikiiacha, inaoza, ni sawa na kuichoma. Nikimpa fundi, ataiona.

Nilisikia Mwenge kuna mtu anahamisha mikanda kwenda kwenye diski. Jina lake Augustine, kijana mpole, ofisi yake ndogo, deki yake nzima. Nikachukua mkanda wa Alya na kanga moja ya Tabu. Nikamwambia Augustine, weka mkanda, halafu tutafunika kioo.

Akanitazama. "Mzee, nikifunika nitajuaje kama picha inaingia?"

"Itaingia."

"Mie nimefanya kazi za kila aina, mzee wangu. Za kanisani, za mahakamani. Hakuna nisichokiona."

"Hiki hukioni."

Akakubali, labda kwa kunihurumia. Tukatandika kanga juu ya televisheni, tukaipa mgongo. Saa tatu nzima tumekaa hivyo, wanaume wawili tunatazama ukuta, nyuma yetu ngoma na vigelegele. Mwanzoni mashine ilikohoa, ikasaga kitu, ikatulia. Augustine alitaka kugeuka, nikamshika bega. Wateja walikuwa wanaingia, wanatuona, wanatoka.

Diski nikampa Alya, akaenda nayo nyumbani. Kesho yake akanipigia. Sauti ipo, picha hakuna. Ni mvua nyeupe tupu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Na mkanda wenyewe, nilipouangalia, pale mwanzoni ulikuwa umekunjamana.

Augustine simlaumu. Alifanya nilichomwambia.

Nilimwambia Alya hivyohivyo, nimeuharibu mie. Hakunijibu vibaya. Akauliza, "Dada Demetria yuko wapi siku hizi? Yule aliyekuwa anashika taa?"

Nilikuwa nimemsahau. Demetria ni mtu wa Bukoba, alikuja mjini msichana, Tabu akamchukua awe anamshikia taa. Miaka kumi na moja walitembea pamoja. Nikaulizia, nikaambiwa ana ofisi yake ya picha na video Mbezi Luis, karibu na stendi ya mabasi. Nikakodi kirikuu, kigari cha mizigo, nikapakia kabati lote kama lilivyo, limefungwa. Sikutaka mikanda itolewe njiani.

Demetria alitoka nje, akatazama gari.

"Shikamoo shemeji. Umehamia Mbezi?"

"Marahaba. Mikanda ya dada yako hiyo."

Akaja akaweka mkono juu ya kabati. Halafu akaniuliza imekuwaje, nikamweleza yote, mpaka Mwenge. Nilipofika kwenye kanga alikaa chini kwenye ngazi.

"Umeifunika TV kanga? Shemeji?"

"Ilikuwa safi."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa gauni. Kisha akanisema, na alikuwa na haki. Mkanda wenye ukungu hauchezwi. Ukungu unaingia kwenye kichwa cha deki, kile kinachosoma picha, kikiziba hakioni kitu. Ndiyo maana sauti ilikuja peke yake. Na ule uchafu unaukwaruza mkanda unavyopita. "Augustine angetazama sekunde kumi tu, angezima," akasema. "Wewe umemziba macho."

Kwa hiyo mkanda husafishwa kwanza. Unavaa barakoa, unafungua kasha lake, unauzungusha polepole kutoka gurudumu moja kwenda jingine, unaufuta kwa kitambaa laini chenye spiriti safi, kidogo tu, usilowe. Demetria alikuwa anazungusha kwa vidole, vidole vinachoka kabla ya robo.

Niliomba nione tundu la gurudumu. Nikalipima. Nikarudi Keko, siku ya tatu nikaleta kibao cha mninga chenye vishikizo viwili, kimoja kinazungusha, kimoja kinakaza kidogo ili mkanda usilegee. Demetria alijaribu, akazungusha mkanda mzima bila kusimama.

"Shemeji, hiki ungekitengeneza zamani."

"Zamani nilikuwa natolewa chumbani."

Na hapo nikagundua jambo. Mkanda wenyewe ukiutazama kwa macho ni mweusi tu, kama utepe wa msiba. Hauonyeshi mtu. Kusafisha siyo kuona. Basi kazi hiyo ikawa yangu. Nikaweka meza kwenye kibaraza cha ofisi yake, kila siku mikanda miwili, ikiwa na ukungu mwingi mmoja. Kucheza na kutazama akafanya yeye, ndani, pazia limefungwa.

Alya alikuja siku tulipotaka kuanza na mkanda wake. Alikuwa na haraka. "Da Demetria, nifanyie MP4 ndogo, nitumie kwenye simu, yaishe."

Mie nikauliza MP4 ndiyo nini.

"Sanduku, shemeji," Demetria akasema. "Jina la sanduku tu. Ndani mtu anaweza kuweka picha nzuri, anaweza kuweka picha iliyokamuliwa mpaka imekufa. Kwa nje yote yameandikwa MP4."

Hilo sikuhitaji kurudiwa. Pale Keko barabarani kuna vitanda vya mbao laini vimepakwa rangi ya mninga. Mteja anaangalia rangi. Fundi anagonga kwa kidole, ananyanyua pembe moja.

"Hizi unazigongaje?"

"Unaangalia uzito. Saa moja ya mkanda huu, nikiuingiza bila kuukamua, inakula giga kumi na tatu. Hiyo ndogo anayoitaka Alya ni robo ya giga."

"Zilizobaki zinaenda wapi?"

"Zinatupwa. Mashine inatazama, inasema ukuta huu ni uleule, nitauchora mara moja. Hizi shanga ndogondogo nani atazihesabu, inazipaka rangi moja. Mikunjo ya uso nayo inaipitia juujuu. Halafu ukituma kwenye simu, simu nayo inakamua tena."

"Zinarudi?"

"Hazirudi."

Ubao ukishapigwa randa, maranda yameanguka chini, huwezi kuyagandisha tena. Nikamwambia Alya, mwanangu, umekuja kutafuta uso, usikubali uso upigwe randa.

Alya akafikiri. "Basi ifanywe HD kabisa."

Demetria akatikisa kichwa. Akasema mkanda wa zamani una kiwango chake, mistari mia tano na kitu, basi. Ukiulazimisha uwe HD unanenepesha faili, uso wa mama unabaki uleule. Cha kufanya ni kuchukua kilichomo chote, bila kupunguza, bila kujidai kuongeza. Hilo faili kubwa ndilo linakuwa mama. Kutoka kwake unatoa MP4 nzuri ya kutazama kwenye TV, giga mbili hivi kwa saa, na ikiharibika unatoa nyingine. Kubwa halipewi mtu. Linakaa kwenye diski ya kuchomeka pembeni ya kompyuta, wao wanaiita eksteno, tena eksteno mbili, moja kwake Mbezi, moja kwangu Keko, maana diski haziagi zikifa.

Nilimsikiliza nikaona ni maneno ya Tabu yaleyale, mashine tu zimebadilika.

"Na kwenye simu haitumwi," nikasema. "Itakabidhiwa mkononi, kwenye fleshi."

"Kwenye simu ikishaingia grupu moja, kesho iko kwa wanaume wote wa Kariakoo," Demetria akasema. Alya hakubisha tena.

"Ila shemeji, yote mia na arobaini tuifanyie faili kubwa? Itachukua miezi."

"Ninayo."

Mkanda wa Alya niliusafisha siku mbili. Pale palipokunjamana nilipita kwa ncha ya kidole. Demetria akaingia nao ndani na Alya, wakafunga pazia. Mie nikabaki kibarazani, wapiga debe wa stendi wanaita Morogoro, Dodoma, Singida. Dakika nne za mwanzo hazikurudi. Humo Bi Hayat alikuwa anapokea wageni. Hizo ni zangu, nitaulizwa mie.

Mkanda ulipofika saa yake ya pili nikamsikia Alya anacheka. Kisha nikasikia analia. Alitoka, macho mekundu, akanishika mkono.

"Yupo, baba. Kacheka mpaka kashika mbavu. Jino la pembeni linaonekana, lile la dhahabu."

"Jino linaonekana?"

"Linaonekana."

Demetria alikuwa nyuma yake mlangoni. Aliniambia kwenye ile MP4 ndogo lingepotea.

Habari zikaenda zenyewe, wanawake wana njia zao. Wakaanza kuja Mbezi, kutoka Temeke, Magomeni, mmoja alitoka Tanga. Wengine walikuja na binti zao wanaotaka kuolewa. Kila mmoja nilimuuliza jina, nikatafuta droo. Walinieleza habari za mke wangu ambazo sikuzijua. Naima wa Tandika alisema siku ya singo yake umeme ulikatika, Tabu akawapanga wanawake wote na tochi zao pembeni ya ukuta, akaendelea kupiga. Mwingine alisema mama mkwe wake alikuja kumsema mbele ya watu, Tabu akamgeuzia kamera yule mama mkwe, akanyamaza. Nilikuwa nasikiliza huku nazungusha kishikizo. Mke wangu huyo.

Akaja mwanaume mmoja, Talha, mtu wa heshima zake. Anataka mkanda wa harusi ya mkewe.

"Mzee, mke ni wangu."

"Mkeo ni wako. Na wale thelathini aliokuwa nao, nao wako?"

Akacheka. "Mzee mgumu wewe."

"Rudi naye. Atapewa mwenyewe."

Alirudi naye. Alisubiri nje na mie, nikampa kitambaa anisaidie kukausha makasha.

Mpaka mfungo sita, mwezi wa Maulidi, tulikuwa tumehamisha mikanda tisini na saba. Haijaonwa na mwanaume hata mmoja. Siku hiyo Demetria alikuja kibarazani na stuli yake, akakaa karibu, sauti ameishusha.

"Shemeji, kuna kitu nimekificha tangu ule mkanda wa Alya. Saa ya pili, kamera nilishika mie. Dada alikuwa anawapanga watu wa picha ya ukoo. Yumo."

Nikaacha kuzungusha kishikizo.

Ajue mtu anayesoma, sikuwa na video ya mke wangu. Aliyeshika kamera huwa hayumo. Na miaka yote ile ya kazi yake, nilikuwa sijawahi kumwona anaifanya. Mie alinionyesha bega lililovimba tu.

"Kuna wanawake wengine?" nikauliza.

"Wanane. Nywele wazi."

"Basi. Nilimwambia Talha nini?"

"Najua ulichomwambia. Nisikilize kwanza. Naweza kukata mraba kumzunguka yeye peke yake, nikaukuza. Wengine wanabaki nje kabisa. Lakini kwoliti itakufa, shemeji. Ni kipande kimoja katika vipande kumi na viwili, halafu nakivuta kijae kioo. Itakuwa madoa. Na ni sekunde kumi na tisa, baada ya hapo mtu anapita mbele yake."

"Umeshakata?"

"Ningekataje bila wewe? Na bila Alya?"

Mkanda ni wa Alya. Nikampigia, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akauliza jambo moja.

"Wenzangu hawamo?"

"Demetria anasema hawamo."

"Mpe nimsikie."

Demetria akachukua simu, akamwambia, hata mkono wa mtu hautaonekana, nimepima. Alya akasema, "Basi ni mkewe. Mwonyeshe."

Demetria alichukua nusu saa kukata. Alitazama peke yake mara tatu, ndipo akaniita ndani. Ni mara ya kwanza naingia nyuma ya lile pazia. Akanipa kiti, akabonyeza, akatoka nje.

Picha mbovu kweli. Pembe za uso zimekuwa ngazi ngazi, macho ni vivuli viwili. Gauni ni la kijani, kitambaa kafunga kiunoni. Kasimama, mkono mmoja juu. Sauti ndiyo safi.

"Nyie wa nyuma, kaeni chini. Bi Hayat, geukia huku. Hivyohivyo, usitikisike."

Hakupaza sauti. Nje ya mraba ule nasikia viti vinaburutwa, mabangili, wanawake wazito wanasogea, mmoja anaguna, anasogea vilevile. Tabu anatazama, anangoja, anaonyesha kidole kushoto, viti vinaburutwa tena. Halafu kinapita kivuli, basi.

Nilijifunza kubonyeza mwenyewe. Nimeitazama mara nyingi. Kwoliti yake naijua, hakuna wa kuniambia. Ndiyo faili dogo kuliko yote tuliyotoa kwenye kabati lile. Lakini mke wangu yumo, yuko kazini, na kazi anaijua.